Injinia wa Tuta Lisilolipiwa

Kila asubuhi, kabla hata hajatusalimu, Injinia alipiga simu milimani. Huko alikuwa na rafiki mwenye duka karibu na mashamba ya chai, na swali lake lilikuwa moja tu, bila habari za watoto wala za ng'ombe: "Huko juu imenyesha?" Sisi ofisini tulikuwa tunajipepea kwa magazeti, jua la Kisumu limeshachemsha mabati, naye anatokwa na jasho kwa sababu ya mvua ya watu wengine. Akiambiwa haijanyesha, alivuta kiti na kuomba chai. Akiambiwa imenyesha, chai ilipoa mezani.

Nilikuwa mpimaji katika kampuni yake ndogo ya uhandisi kwa miaka mingi, mingi kuliko nilivyomwahidi mama yangu. Nilibeba levo, ile darubini ya miguu mitatu, nikamwambia ardhi iko juu au chini kiasi gani. Wazazi wangu walitoka Murang'a wakaja kuuza viazi soko la Kibuye, nami nikazaliwa hapa hapa, ila Kijaluo changu kina lafudhi ya Kikuyu ambayo Injinia aliicheka kila siku ya Mungu. Aliniita nyathina, yaani mwanangu, hata aliponikasirikia. Mimi sikuwahi kumwita kwa jina. Mjini wote walimwita Injinia, na huko saiti, kwenye ujenzi, wazee walimwita Jaduong', mzee wa kuheshimiwa, naye aliitikia yote mawili kwa sauti ya mtu anayetarajia habari mbaya.

Alikuwa bingwa wa kujificha. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wanaomsifu siku hizi hulisahau. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, karibu na soko la Kibuye, na ngazi zake zilikuwa za mbao zinazolia. Injinia alijua viatu vya watu wote tuliokuwa na deni lao. Mwenye hadwea, duka lililotukopesha simenti, aliburuta mguu mmoja. Madalali wa benki walipanda wawili wawili, bila haraka. Akisikia viatu hivyo, Injinia aliingia stoo ya michoro, akasimama katikati ya makaratasi yaliyokunjwa, na kazi yangu ikawa kusema, "Injinia yuko saiti." Siku moja alikohoa. Mwenye hadwea akanitazama, nami nikamtazama.

"Hiyo saiti yenu iko karibu sana," akasema, akaketi kungoja.

Alingoja mpaka chakula cha mchana. Injinia alitoka stoo na vumbi kichwani, akaketi mbele yake, wakaagiza ugali na omena kwa fedha ya mwenye hadwea. Walikula wakizungumza habari za mpira. Deni halikutajwa, lakini baada ya siku hiyo simenti ya mkopo ikaisha, na duka hilo tukawa tunalipita upande wa pili wa barabara.

Lakini mtu huyo huyo aliyejificha kwa watu wa simenti hakujificha kwa vibarua hata mara moja. Jumamosi alasiri, siku ya malipo, alisimama langoni mwa saiti kabla ya yeyote kufika. Akiwa na kitu alikitoa. Akiwa hana alisema hana, kwa mdomo wake, akitukanwa mbele ya watu. Nilimwambia atume msimamizi. Akaniuliza msimamizi amekosa nini. Nikamwambia basi apeleke barua. Akanitazama kama niliyetapika kwenye gari lake.

Niseme mapema jambo lililokuwa linatula, maana bila hilo mtu atamwona Injinia kama mlevi wa madeni tu. Tulifanya kazi za serikali: madaraja madogo, mifereji, visima vya shule. Kazi ukiimaliza, afisa huja, hupima, hukuandikia cheti cha malipo, kisha unapewa mkono na soda. Baada ya hapo unangoja. Hapo ndipo kampuni nyingi za hapa ziwani zimezikwa. Simenti umeshanunua, vibarua umeshalipa, benki inakula riba kila mwezi, na cheti kimelala mezani kwa mtu aliyekwenda semina. Kila bajeti inaposomwa husema madeni yatalipwa. Dawa ya deni ni kulipa, wahenga walisema, ila naona hawakuwahi kuidai serikali.

Injinia alipenda kunieleza habari ya kodi kwa kicheko kisicho na furaha. Ukishaandika ankara yako kwa serikali, ofisi ya kodi inataka sehemu yake pale pale. Ukisema bado hujalipwa, inakujibu kwamba hilo ni kati yako na mteja wako. Na mteja wako ni nani? Usipolipa kodi hiyo hupewi cheti cha uadilifu wa kodi, na bila cheti huwezi kuomba zabuni nyingine ya kukutoa shimoni. "Yaani, nyathina," alisema, "ananinyima chakula, halafu ananichapa kwa sababu sijaosha sahani." Nilicheka mara ya kwanza. Baadaye, nikimwona anaandika ankara, nilitoka nje.

Juni ulikuwa mwezi wake wa homa. Mwaka wa fedha unakwisha, na ofisi zikibaki na chochote hukitoa kwa fujo siku za mwisho, kwa hiyo wakandarasi wote wa mji huhamia kwenye korido za wakubwa. Walijuana kwa viti. Injinia alikwenda na chupa ya chai, na hapo ndipo ubahili wake ulipoisha, kwa maana ofisini alihesabu majani ya chai, lakini korido alimimina kwa yeyote mwenye kikombe. Walikaa wanaume na wanawake waliowahi kuwa na magari makubwa, suti zao zimepauka mabegani, kila mlango ukifunguliwa wote wanainuka kidogo halafu wanaketi tena.

Juni moja, mkandarasi mmoja wa korido ile alianguka nyumbani kwake akafa, moyo. Tulikwenda matanga. Ofisi iliyokuwa ikimdai subira miaka yote ilituma shada kubwa la maua lenye utepe. Wiki chache baadaye tukasikia mwenye duka la maua naye amekaa korido, anadai. Injinia alinisimulia huku akifuta miwani, na nilipocheka akaniambia, "Cheka tu. Lakini mimi nilipoona lile shada, niliona limetoka mlango ule ule ninaoungoja mimi." Alilala vibaya tangu matanga hayo, mkewe aliniambia. Aliamka na kuuliza kama simu imelia.

Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye kiti chake cha mbele, lakini hakukubali kabisa kuombewa malipo. Mchungaji alijaribu mara moja hadharani. Injinia alifungua macho katikati ya sala na kusema kwa upole, "Mchungaji, tusimsumbue Mungu kwa mambo ya sahihi." Watu walicheka. Mkewe hakucheka, kwa sababu ni yeye aliyepeleka ombi hilo.

Huyo mke wake, ambaye sote tulimwita Mama, ndiye aliyelisha nyumba yao. Aliuza mapazia ya mitumba Kibuye, na Jumapili baada ya ibada ungemkuta Injinia pale kibandani, mkono umejaa pini, akipima pazia la dirisha la mtu kwa utepe wa chuma wa saiti. Alitaka kujua dirisha linaangalia wapi, upepo unatoka wapi. Wateja walichoka. "Huyu ndiye fundi wangu," Mama aliwaambia. "Amesoma sana, mvumilieni." Alimtania hivyo mbele ya watu, kisha wakiwa wawili alimuuliza kwa sauti ya chini kama hati ya nyumba bado iko benki. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mapazia siku moja nikasikia. Injinia alijibu kwa kupima tena dirisha lile lile.

Alikuwa na semi zake. Alipenda kusema maji hayasomi mkataba. Vijana wa uhandisi waliokuja kwetu kujifunza kazi walidhani ni mzaha wa mzee, wakaucheka kwa adabu, na baadaye wakaondoka mmoja mmoja kwa kukosa mshahara. Mmoja anaendesha bodaboda, na ana shahada. Injinia alikataa kupanda pikipiki yake bure, na pia alikataa kumlipa nauli ya kawaida. Alimlipa mara mbili, halafu akaja ofisini akaketi muda mrefu bila kufungua kompyuta.

Sasa nifike kwenye tuta.

Kule Kano, upande wa Ahero, mto ukishuka kutoka milimani hukuta ardhi tambarare na kusahau njia yake. Kila masika watu hubeba magodoro kwenda kulala shuleni. Tulipewa kazi ya kujenga tuta la udongo kando ya mto, kitu ambacho wenyeji walikiita daik, kizuie maji yasiingie vijijini. Sijawahi kumwona Injinia na furaha kama siku ile tuliyopiga vigingi vya kwanza. Alitembea mbele yangu na fimbo akinionyesha mahali mpunga utakapomea bila kuzama. Alizungumza hadi akakosa sauti.

Mchoro ulikuwa na sehemu mbili. Tuta lenyewe, na milango ya maji: mabomba makubwa yapite chini ya tuta, yenye vifuniko vya chuma upande wa mto. Mto ukiwa chini, maji ya mashambani yanasukuma vifuniko na kutoka. Mto ukijaa, unavibana vifuniko na hauingii. Bila milango hiyo, tuta ni beseni. Maji yakipata pa kuingilia, hayana pa kutokea.

Hapo Injinia alikosea, na kosa lenyewe ni la mtu anayeidai serikali. Tuta la udongo hulipwa kwa mita: ukimaliza kipande, unapimiwa, unaandikiwa cheti. Milango ya maji hulipwa ikishakamilika yote, na chuma chake kilitakiwa kununuliwa taslimu. Mkandarasi aliyelipwa vizuri angeanza na milango. Sisi tulikuwa tunangoja vyeti vya nyuma, benki inapiga simu, vibarua wanataka chao. Injinia akaamua tusukume udongo kwanza, tuandikiwe mita, zikilipwa tununue chuma. Tukasukuma udongo. Tuta likawa refu, zuri, mbuzi wakalipenda. Vyeti vikaandikwa. Malipo hayakuja. Benki ikachukua tingatinga letu, nalo lilikuwa la mwisho, likaburutwa barabarani siku ya soko huku watu wakituangalia. Kazi ikasimama. Tuta lilikuwa limefungwa upande wote wa chini, na juu kulibaki pengo tulilokuwa tukipitishia malori.

Tangu siku ile Injinia hakuwa na amani. Alijua alichoacha pale. Ndiyo maana ya zile simu za asubuhi. Aliandika barua, akapeleka mwenyewe, akapigwa danadana kutoka ofisi moja hadi nyingine, kila moja ikikubali kwamba hatari ipo na kwamba haiihusu. Alijaribu kuziba pengo kwa magunia ya mchanga aliyonunua kwa fedha za mapazia. Mama aligundua wiki iliyofuata, alipotaka kuongeza bidhaa akakuta fedha hakuna.

Kisha ikatangazwa kwamba kuna kamati ya kuhakiki madeni. Ingezunguka saiti zote, na kanuni yake ilikuwa ya kueleweka na kila mtu: italipa kinachoonekana. Kilichoandikwa kwenye vyeti hakitoshi, lazima kionekane na kupimwa upya. Zamu yetu ikapangwa. Injinia alinyoa. Tulifyeka majani juu ya tuta lote, nikapiga vigingi vipya vyenye rangi nyekundu ili wapimaji wao wasipate shida. Tulipomaliza alisimama akalitazama akasema, "Hii ndiyo nyumba ya Mama, nyathina. Hii hapa, imelala chini." Alikuwa na maana kwamba hati iliyoko benki itatoka hapo au haitatoka kabisa. Nami mishahara yangu yote ya nyuma ilikuwa imelala humo.

Masika yakatangulia kamati.

Ilinyesha milimani usiku mzima na mchana wake. Mto ulibeba magunia yetu ya mchanga bila hata kujua yalikuwepo, ukaingia kwa pengo. Tulipofika na Injinia kwa gari la kukodi, mto wenyewe ulikuwa umeanza kushuka. Lakini ndani ya tuta maji yalikuwa yametulia, mapana, ya rangi ya chai ya maziwa, na nyumba zimesimama ndani yake hadi madirishani. Vyoo vya shimo vilikuwa vimefurika. Nyumba za udongo zilikuwa zinalainika, na moja ilianguka tukiwa tunaangalia, polepole, upande mmoja kwanza.

Watu walikuwa juu ya tuta, mahali pekee pakavu. Mama mmoja mjane, ambaye wakati wa kazi alitupikia chakula cha mchana, alikuwa ameshika beseni lenye kuku wawili hai. Hakutusalimu.

"Jaduong'," akasema, "miaka yote hii maji ilikuwa inakuja, inakaa siku mbili, inaenda. Sisi tunaijua. Sasa imekuja na haiendi. Hii daik yako imetufungia ndani kama samaki."

Nilitaka Injinia ajitetee. Nilitaka aseme serikali, aseme benki, aseme chochote. Alivua miwani akaifuta na shati lililolowa.

"Simu," akasema. Nikampa yangu, kwa sababu yake haikuwa na kredo ya kupigia. Alimpigia rafiki yake wa milimani. Nilikuwa karibu, nikasikia sauti ya yule mtu ikipaza juu ya kelele ya mabati: "Inanyesha hapa hatuonani! Imeanza tena!" Maji hayo yangetufikia usiku huo, yapite pengo lile lile, yaketi juu ya haya yaliyokuwepo. Nyumba zilizobaki zisingesimama. Na watu wangebaki juu ya tuta, wakizungukwa pande zote mbili.

Wote tuliokuwa pale tulijua dawa ni moja. Kulikata tuta kule chini, mahali milango ilipotakiwa kuwa, maji ya ndani yatoke wakati mto bado uko chini.

"Injinia," nikasema, na sauti yangu naikumbuka, ilikuwa kali na ya woga, "kamati inakuja wiki ijayo."

"Najua."

"Wakikuta limekatwa watasema kazi ni mbovu. Hawatalipa hata mita moja."

"Najua, nyathina. Mimi ndiye nilikufundisha."

Alipiga simu nyingine, kwa afisa msimamizi wa mradi. Aliomba ruhusa kwa heshima zote. Nikasikia jibu: "Usiguse hiyo. Hiyo ni mali ya serikali. Andika barua."

Injinia alikaa na simu sikioni hata baada ya mwenzake kukata. Halafu akatugeukia na uso ambao sikuuelewa, nusu anacheka. "Mmesikia? Ni mali ya serikali. Ilinunua lini?"

Akamwomba mtu jembe. Alikuwa na viatu vyake vya kanisani, kwa sababu tulitoka mjini mbio. Alitembea hadi kwenye kona ya chini, akatafuta kigingi changu chekundu, akaking'oa, na kuanza kulima pale pale kilipokuwa. Hakuna aliyemfuata mara moja. Nadhani watu walidhani amechanganyikiwa. Yule mama mjane ndiye aliyeweka beseni chini kwanza. Kisha wanaume wakaja na majembe na mabeleshi, na wale waliowahi kuwa vibarua wetu, tuliowadai subira Jumamosi nyingi, walilima kwa hasira iliyokuwa na raha ndani yake. Udongo ulikuwa mgumu. Tuliushindilia vizuri sana, Injinia hakuwa mtu wa kulipua kazi. Mmoja wao akapaza sauti, "Injinia, si ungejenga tu vibaya kidogo!" Wakacheka. Mimi nilikuwa nalia na kulima.

Maji yalipopata upenyo yalitoka kidogo, halafu yakatoka yote, yakibomoa kingo pande mbili na kubeba jembe la Injinia. Tulikimbia. Hadi jioni madirisha yalikuwa yameonekana, kisha milango. Wimbi la pili lilikuja kama tulivyoambiwa, likaingia kwa pengo la juu na kutoka kwa pengo la chini, likapita vijijini kama zamani, kwa fujo lakini likiwa na njia. Hakufa mtu. Walilala shuleni siku mbili, wakarudi.

Kamati ilifika siku iliyopangwa, jambo ambalo lilitushangaza. Kijana mmoja aliyekuwa na viatu visafi alitembea juu ya tuta na kompyuta yake ya mkononi mpaka akafika kwenye mkato, akasimama. Injinia alimweleza kila kitu bila kuficha. Wenyeji walimweleza. Yule mama mjane alimshika mkono akamwonyesha alama ya maji ukutani mwake. Kijana alisikiliza kwa adabu, na naamini aliguswa, kwa sababu aliuliza mara mbili kama kuna barua ya ruhusa. Haikuwepo. Akaandika kwamba kazi haijakamilika na kwamba mkandarasi ameharibu kazi mwenyewe. Deni letu likatolewa kwenye orodha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, kama yanavyokwenda kila mahali. Ofisi ilifungwa. Nyumba ikauzwa. Mama alihamishia mapazia yake kwa dada yake akaendelea kuuza, na hakumwambia mumewe neno baya mbele yangu, ila aliacha kumtania. Hilo lilimuuma Injinia kuliko madalali. Mimi nikaanza kupimia watu binafsi viwanja, watu wanaolipa kabla sijafungua levo. Mtu akiniambia kazi ni ya serikali, nafunga begi. Sina aibu kuhusu hilo. Nilikuwa na hasira na serikali, na nilikuwa na hasira na Injinia pia, kwa sababu alifanya jambo la haki kwa fedha yangu bila kuniuliza, na kwa sababu angeniuliza ningesema hapana.

Nilimwona tena mwaka huu. Nilikuwa nimekwenda kupima kiwanja kando ya barabara ya Busia, na nilipofika Otonglo nikaona mtu ameinama juu ya kalibu ya zege, mgongo ule ninaoujua. Alikuwa anatengeneza slabu za vyoo vya shimo na nguzo za uzio, anaziuza hapo hapo barabarani. Amekonda, lakini mikono imepata nguvu. Juu ya kipande cha bati alikuwa ameandika kwa rangi: PESA KWANZA.

"Nyathina!" akasema, akacheka lafudhi yangu kabla sijafungua mdomo. Alinionyesha slabu zake kwa fahari, namna tundu lilivyochongwa lisikusanye maji, vyuma alivyoweka ndani ambavyo hakuna anayeviona. Aliniambia Mama ameanza kumtania tena, kidogo kidogo. Hana deni la mtu. Simu ikilia anaipokea. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa tukanywa chai, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona ameketi mgongo ukiwa upande wa barabara, hasikilizi viatu vya mtu. Nilifurahi hadi nikaogopa.

Hapo akaja mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ya huko ndani. Alikuja na lori la kuazima na dereva. Mwanamke wa makamo, viatu vina matope, anazungumza haraka. Vyoo vya shule vimetitia kwa mvua. Watu wa afya wamempa siku chache, baada ya hapo wafunge shule. Alitaka slabu zote zilizokauka.

"Na pesa?" akauliza Injinia.

"Baba, nitakwambia ukweli. Pesa ya shule bado haijatumwa kutoka juu. Wamesema ni mwezi huu. Walisema hata mwezi uliopita. Ikiingia tu, wewe ndiye wa kwanza." Alilitazama lile bati lenye maandishi akatazama chini. "Najua vile umeandika."

Nilisimama. "Injinia, usithubutu," nikasema. Sikujali kwamba mwalimu ananisikia. "Wewe na serikali mmeshamalizana. Hizi slabu ndizo ugali wenu. Mwambie hapana. Kama huwezi, nitamwambia mimi."

Injinia hakuniangalia. Alikuwa anamtazama mwalimu na ule uso wa zamani umerudi, uso wa asubuhi za simu. Niliona woga unamwingia, nikauona unapanda hadi machoni.

"Sasa hivi," akamuuliza, "watoto wanaenda wapi?"

"Nyuma ya miwa," mwalimu akasema. "Wasichana wakubwa wanakaa nyumbani."

Injinia akaweka kikombe chini. Alifuta mikono kwenye suruali, akaenda kwenye slabu ya kwanza, akainama, akashika upande mmoja na kungoja. Hakuniita. Dereva alikuwa anazungusha lori. Mwalimu alikuwa ameanza kusema asante, asante Baba, Nyasaye akubariki. Nilikuwa na hasira. Slabu ya zege haibebwi na mtu mmoja. Nikaenda nikashika upande wa pili.